Je, Wajua? Dubu Hasubiri Ukoki Bunduki

Kwetu mnyama wa kutisha ni simba, chui, mamba au kiboko. Dubu tunamjua kwenye katuni, kwenye mdoli wa mtoto na kwenye vitabu vya shule vilivyotungwa mbali. Lakini huko Alaska, Kanada, Greenland na visiwa vya Svalbard kuna watu ambao kabla ya kutoka nyumbani kwenda kuvua samaki au kupima unene wa barafu hujiuliza swali ambalo halijawahi kutupitia akilini: leo nibebe bunduki gani ya dubu? Majibu yao ni ya ajabu kuliko dubu mwenyewe.

Afrika iliwahi kuwa na dubu wake

Tunapenda kusema Afrika haina dubu, na kwa leo ni kweli. Lakini milima ya Atlasi, huko Moroko na Aljeria, ilikuwa na dubu wa kahawia hadi karne ya 19, walipowindwa wakaisha. Na tukirudi nyuma miaka milioni 5 hivi, dubu mkubwa aitwaye Agriotherium alitembea hadi ncha ya kusini ya bara hili. Mifupa yake imechimbwa Langebaanweg, karibu na Cape Town. Hata neno lenyewe, dubu, tumelipata kutoka Kiarabu, kwa watu waliomfahamu mnyama huyu kwa sura.

Mita 50 kwa sekunde tatu na ushee

Usain Bolt alipofikia kilele cha mbio zake alikuwa akienda kilomita 44 kwa saa. Dubu wa kahawia, mwenye mwili mzito na miguu mifupi ya kuchekesha, anaweza kufika kilomita 56 kwa saa, mwendo wa bodaboda iliyo na haraka. Akiwa umbali wa mita 50, yaani nusu ya uwanja wa mpira, una sekunde tatu na kidogo kabla hajakufikia.

Jaribu sasa hivi: hesabu moja, mbili, tatu. Ndani ya muda huo umtambue, uivue bunduki begani, uitoe kwenye usalama, ulenge, ufyatue. Ndiyo maana wenyeji wa huko wakiulizwa bunduki ipi bora, wengi hawaanzi na ukubwa wa risasi. Wanaanza na mahali inapokaa. Bunduki iliyofungwa kwenye begi pamoja na sufuria na blanketi ni mzigo kama sufuria zenyewe.

Bunduki tano, mlio mmoja

Kisa hiki kinasimuliwa Japani hadi leo. Desemba 1915, katika kijiji kipya cha walowezi kiitwacho Sankebetsu kisiwani Hokkaido, dubu mkubwa wa kahawia aliyekuwa hajalala usingizi wa majira ya baridi aliingia kwenye nyumba ya mkulima akaua. Kesho yake wanaume walikusanyika kumsaka. Walipomkuta, watu watano walinyanyua bunduki zao.

Ikalia moja tu.

Nyingine nne zilikuwa hazijatunzwa, na siku ilipofika zikanyamaza. Dubu akatoroka, na usiku uleule akarudi kijijini. Kabla ya mkasa kwisha walikuwa wamekufa watu wapatao saba, akiwemo mama mjamzito na watoto. Aliyemmaliza, tarehe 14 Desemba, ni mwindaji mkongwe Yamamoto Heikichi, mtu aliyekuwa na sifa ya ulevi na aliyetumia bunduki ya zamani ya Kirusi. Alimkaribia kimyakimya, akampiga risasi mbili. Dubu alipopimwa alikuwa na kilo 340 na urefu wa karibu mita 2.7.

Mimi kisa hiki nimekisoma mara tatu, na kila mara kinachonishika ni zile bunduki nne. Bunduki ya Yamamoto nayo ilikuwa ya zamani. Lakini ilipotakiwa, ililia.

Kapteni msomi aliyesahau kupakia

Tarehe 14 Juni 1805 Kapteni Meriwether Lewis, mmoja wa viongozi wawili wa msafara uliotumwa na Rais Jefferson kuvuka Amerika hadi Bahari ya Pasifiki, alimpiga nyati risasi karibu na maporomoko makuu ya mto Missouri. Akasimama kumtazama anavyoanguka. Bunduki za siku zile zilipakiwa kwa mdomo kama gobore: baruti, risasi, mti wa kushindilia, na shughuli nzima iliweza kumla mwindaji hata nusu dakika. Lewis alikuwa hajaanza. Alipogeuka, dubu alikuwa hatua 20 hivi kutoka kwake.

Hapakuwa na mti wa kukwea. Kapteni alikimbia kama yadi 80, akajitosa mtoni hadi maji yakamfika kiunoni, akageuka na kumnyooshea dubu mkuki wake mfupi. Dubu akashangaa, akageuza, akaondoka zake. Msafara huo ulikuwa na silaha za kutosha kikosi kizima, hata bunduki ya upepo ya kushangaza wenyeji, lakini siku hiyo kiongozi wake aliokolewa na maji na kijiti chenye ncha.

Bibi wa miaka 63 na bunduki ya sungura

Hii ndiyo hadithi inayowaudhi wauzaji wa bunduki kubwa. Mei 1953, karibu na Slave Lake katika jimbo la Alberta, Kanada, mama wa kabila la Wacree aitwaye Bella Twin alikuwa msituni na mwenziwe wakitafuta wanyama wadogo. Akamwona dubu mkubwa akija upande wao. Walijificha, lakini dubu akazidi kusogea hadi ikaonekana kumwacha apite ni hatari kuliko kumpiga. Bella alikuwa na bunduki ndogo ya .22, ile ambayo risasi yake ina unene wa penseli nyembamba na kazi yake ni sungura na kwale. Tena ya risasi moja: ukifyatua, unafungua, unatoa ganda, unatia nyingine kwa mkono.

Alimpiga ubavuni mwa kichwa, mahali ambapo mfupa ni mwembamba, na dubu akaanguka papo hapo. Bella akapakia tena na tena, akamwongezea mpaka akaridhika. Fuvu lilipopimwa likaonekana ni la dubu mkubwa kuliko wote wa aina ya grizli waliowahi kuandikishwa duniani hadi wakati huo.

Tahadhari kabla hujavutiwa: mama yule alikuwa mzoefu wa msitu na wa bunduki ile, na alijua pa kupiga kwa kipimo cha kidole. Kwa mgeni, .22 mbele ya grizli ni kama kumpiga tembo kwa manati.

Bunduki ya Afrika iliyohamia Alaska

Mwaka 1912 mafundi wa London, Holland & Holland, walitoa risasi iitwayo .375 H&H Magnum. Walikuwa wakiwafikiria simba, mbogo na pofu wa Afrika, na mpaka leo katika nchi kadhaa za bara letu zinazoruhusu uwindaji, .375 ndicho kipimo cha chini kinachokubalika kwa wanyama hatari. Lakini nenda Alaska, kwa waongozaji wa wawindaji wa dubu wa pwani, utaikuta risasi hiyohiyo mikononi mwao. Mtu aliyeitengeneza kwa jua la tropiki angecheka kuiona ikinyeshewa theluji.

Safari ya namna hii imekwenda pande zote mbili. Theodore Roosevelt, rais wa Marekani ambaye mwaka 1902 alikataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa kwenye mti huko Mississippi, na hivyo kuwapa watoto wa dunia mdoli wa dubu wenye jina lake la utani, Teddy, alishuka Mombasa Aprili 1909. Miongoni mwa bunduki zake kulikuwa na Winchester ya .405, bunduki ya Kimarekani, ambayo hapa Afrika Mashariki aliigeuza dawa ya simba.

Serikali ilipojaribu risasi kwa umbali wa hatua chache

Mwaka 1983 Idara ya Misitu ya Marekani ilichoka na ubishi wa vijiweni. Wafanyakazi wake huko Alaska walikuwa wakipima miti huku dubu wakiwapima wao, na kila mmoja alikuwa na bunduki anayoiapia. Basi wataalamu wakazipanga, wakazijaribu kwa umbali wa yadi 15, takriban mita 14, kwa sababu huo ndio umbali ambao mtu hujitetea. Risasi iliyoongoza ni .458 Magnum, nyingine iliyobuniwa kwa ajili ya tembo na mbogo. Lakini .30-06 ya kawaida kabisa, ikitiwa risasi nzito, ilijitokeza vizuri, na mwenye bega dogo akapata la kusema. Teke la .458 humfanya mtu afumbe macho kabla ya kufyatua, na aliyefumba macho hukosa.

Kucha ya chuma isiyoachia

Fundi Mjerumani Paul Mauser alikamilisha mwaka 1898 bunduki yenye ukucha mrefu wa chuma. Risasi ikitoka tu kwenye ghala lake, ukucha unaidaka kwa kisigino na kuishika hadi iingie chemba. Haiachiwi ielee yenyewe. Hata ukiigeuza bunduki juu chini, au ukiikoki huku umeanguka chali na miguu hewani, risasi inaingia. Na ganda likikwama, ukucha unaling'oa kwa nguvu.

Umefikisha zaidi ya karne moja, na bado wanaokabiliana na wanyama wakali huuliza kwanza: ina ukucha wa Mauser? Kiwanda cha Winchester kiliuondoa kwenye bunduki yake maarufu ya Model 70 mwaka 1964 ili kupunguza gharama. Wateja walikasirika kiasi kwamba zile za kabla ya 1964 zikawa kama dhahabu, na baadaye kiwanda kikaurudisha.

Jina la Mauser si geni kwetu. Askari wa Wajerumani katika Tanganyika walibeba bunduki za kiwanda hicho, ingawa vita vilipoanza mwaka 1914 wengi wao walikuwa bado na toleo la 1871, lile la baruti nyeusi, ambalo ukifyatua moshi unamwonyesha adui mahali ulipo.

Bunduki za Hitler zilizowalinda wanasayansi

Wajerumani waliposalimu amri Norwei mwaka 1945 waliacha bunduki za Mauser kwa maelfu. Wanorwei hawakuziyeyusha. Walizibadilisha mitutu zikala risasi ya Kimarekani ya .30-06, na baadhi zikaishia Svalbard, ambako kwa miongo mingi watafiti wa barafu walizibeba kama kinga ya dubu weupe. Ukisikia chuma kimetubu, ndicho hicho.

Mbwa, watu 12 na bunduki ya mwaka 1917

Hifadhi ya Taifa ya Kaskazini Mashariki mwa Greenland ina ukubwa wa kilomita za mraba 972,000. Tanzania yote, pamoja na maziwa yake na Zanzibar yake, inaingia humo na nafasi inabaki. Eneo hilo hulindwa na kikosi cha Denmaki kiitwacho Sirius, ambacho kimekuwapo tangu 1950: vijana wawili wawili juu ya sleji za mbwa, timu sita tu, miezi mizima bila kuona nyumba yenye moshi.

Jeshi hilo lingeweza kununua silaha yoyote duniani. Lakini kwa miaka mingi lilibaki na bunduki ya kukoki ya muundo wa 1917, mabaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Sababu ni kwamba ina vipande vichache na vikubwa, na baridi haiipatii pa kushika. Kama nyongeza, kila mmoja hubeba bastola ya Glock 20, inayotumia risasi ya milimita 10. Zile za kawaida za milimita 9 zilionekana hafifu kwa mgeni mweupe anayebisha hodi kwenye hema.

Jirani zao, Askari Wasaidizi wa Kanada waishio vijijini kaskazini, nao walipitisha miaka 70 kwa namna hiyohiyo. Kikosi chao kilianzishwa 1947 kikapewa Lee-Enfield ya .303, ndugu wa bunduki walizobeba askari wa Keya, babu zetu waliokwenda Burma. Walipoanza kupewa mpya mwaka 2018 hawakuletewa bunduki ya kumimina risasi. Waliletewa tena ya kukoki kwa mkono, yenye kitako chekundu, na sharti lake lilikuwa kufanya kazi kwenye baridi ya nyuzi 51 chini ya sifuri.

Bunduki hulala nje kama mbwa

Mgeni wa Aktiki usiku wa kwanza hufanya kosa la huruma: huingiza bunduki hemani ili isipigwe na baridi. Wenyeji humkemea. Umewahi kutoa soda kwenye friji ukaiweka mezani mchana wa Dar es Salaam? Inatoka jasho. Bunduki ya baridi ikiingia kwenye joto nayo hutoka jasho, nje na ndani. Ukiitoa tena asubuhi, jasho lile linaganda kuwa barafu katikati ya chemchemi na pini ya kugonga risasi, na ukivuta triga unasikia kimya.

Mafuta nayo ni adui. Grisi inayoteleza vizuri Mombasa, kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri huwa nzito kama lami. Kwa hiyo bunduki ya kule huoshwa mafuta yote, au hupakwa kidogo tu ya aina maalumu, kisha ikaachwa nje ya mlango au kwenye kibaraza chenye baridi, mahali mkono unapoifikia gizani.

Risasi ni risasi, lakini si kila risasi ni risasi

Kiswahili kina mzaha wake hapa: risasi ni ile ifyatuliwayo, na risasi pia ni ile metali nzito ya kijivu. Metali hiyo ikiwa tupu ni laini mno. Ikigonga mfupa mnene hutandazika kama donge la ugali lililoanguka sakafuni, na inaishia juu juu. Kwa dubu, mwenye manyoya, mafuta, misuli na mifupa kabla ya kufika panapohusika, mafundi huichanganya na bati na antimoni ili iwe ngumu na iende moja kwa moja. Hali ni hiyo pia kwa bunduki ya marisau, kipenzi cha wengi Alaska kwa kuwa ni rahisi bei na haichagui. Marisau yenyewe hubaki nyumbani kwa ajili ya bata. Kwa dubu hutiwa kipande kimoja kinene cha gramu 28 hivi.

Bastola nzito kama paketi ya unga

Mwaka 2003 Smith & Wesson walitoa bastola ya silinda ya .500 Magnum, risasi tano tu, na toleo lake la mtutu mrefu lina uzito wa kilo mbili. Ichukue paketi ya unga wa sembe dukani, uinyooshe kwa mkono mmoja, uishikilie hivyo bila kutetemeka. Sasa fikiria paketi hiyo inakupiga teke.

Ubishi wa bastola ndio mrefu kuliko wote. Wazee wanapenda ya silinda: risasi moja ikigoma, unavuta triga tena, silinda inazunguka, nyingine inakuja, huhitaji kufikiri. Tena ukiwa umelaliwa na dubu, unaweza kuigandamiza kwenye mwili wake na ikalia. Bastola za magazini, ukizigandamiza namna hiyo, sehemu ya juu husukumwa nyuma kidogo na zinagoma. Vijana wanajibu kwamba Glock ya milimita 10 ina risasi 15, na wewe mzee una tano au sita.

Halafu kuna yule mwongozaji wa Alaska ambaye mwaka 2016, akiwa na wageni wawili njiani kwenda kuvua, alivamiwa na dubu wa kahawia akiwa na bastola ya milimita 9 tu, ile ambayo kila mtu anasema haifai. Alimmaliza nayo. Alikuwa na risasi za ile metali iliyotiwa ugumu, na miaka mingi ya kutotetemeka.

Utafiti ulioharibu ubishi wote

Mwaka 2012 wanasayansi, wakiwemo Tom Smith na Stephen Herrero, bingwa wa habari za dubu Kanada, walichapisha hesabu ya matukio 269 ya watu wenye bunduki waliokutana uso kwa uso na dubu Alaska, kuanzia 1883 hadi 2009. Bastola zilimzuia dubu mara 84 katika 100. Bunduki ndefu, zenye nguvu zaidi, mara 76. Ndogo ikaishinda kubwa! Sina hakika kama ni ubora wa bastola au ni kwamba bastola hukaa kiunoni na ndefu hukaa begani.

Kizuri zaidi ni orodha ya sababu za kushindwa. Zaidi ya robo hawakupata muda. Wengine walikuwa nayo hawakuitumia. Takriban mmoja kati ya saba ilimkwama. Wapo waliokosa shabaha, walioishiwa risasi, walioshindwa kutoa kifuli cha usalama, na waliojikwaa wakaanguka. Jumla ya yote: waliotumia bunduki na wasioitumia waliumia kwa viwango vinavyokaribiana sana.

Pilipili ina alama za juu kuliko baruti

Timu hiyohiyo mwaka 2008 ilikuwa imehesabu matukio 83 ya watu waliotumia kopo la kupuliza maji ya pilipili. Dubu aliacha alichokuwa akifanya zaidi ya mara 90 katika 100, na watu 98 katika kila 100 waliokuwa na kopo hilo walitoka bila jeraha. Kopo si zito kuliko chupa ndogo ya maji, ndani yake kuna asilimia 1 hadi 2 ya ule ukali uliomo kwenye pilipili kichaa, na wingu lake hufika mita saba na zaidi. Ukali huo haumhitaji mtu kulenga jicho la sindano. Unaweka ukuta wa moto hewani, dubu anaingia mwenyewe. Adui yake ni upepo.

Hesabu hizi mbili hazifanani kabisa, maana walionyanyua bunduki mara nyingi walikuwa tayari pabaya zaidi. Lakini hata mimi niliyeanza kuandika makala kuhusu bunduki sasa nalitazama kopo kwa heshima.

Na sisi tusijione wageni: nchini Tanzania, taasisi ya Honeyguide imewafundisha wakulima kutia unga wa pilipili, udongo na fataki ndani ya kondomu, wakawarushia tembo walio karibu na mashamba. Inapasuka, pua ndefu inavuta, tembo anageuza.

Usilipake hema pilipili kama unavyopaka dawa ya mbu

Wapo waliofikiri kwamba ukipuliza kopo lile kwenye hema na mabegi, dubu atakaa mbali. Tom Smith aligundua kinyume. Pilipili ikishakauka, harufu yake inawavuta dubu wa kahawia: wananusa, wanalamba, wanagaragara juu yake kama punda kwenye majivu. Kitu kilekile usoni ni adhabu, ardhini ni kitoweo.

Mji wenye magari yasiyofungwa

Churchill, Kanada, una watu wasiofika 1,000, na kila msimu wa vuli dubu weupe hupita hapo wakisubiri bahari igande. Wenyeji wengi huacha milango ya magari bila kufunga, ili yeyote anayekimbia apate pa kujitumbukiza. Dubu mtukutu hufukuzwa kwanza kwa fataki zinazofyatuliwa kwa bunduki ya marisau. Akirudi anategwa na kupelekwa jela ya dubu, ghala la zamani la jeshi, halafu anapelekwa mbali.

Svalbard nako, ukitoka nje ya mji wa Longyearbyen ni lazima uwe na kifaa cha kumfukuza dubu, na mtawala wa visiwa anashauri ubebe bunduki juu yake. Ukirudi mjini, mlango wa duka una kibao kinachokuomba usiingie nayo. Na ukimuua dubu, kifo chake huchunguzwa, kwa kuwa tangu 1973 analindwa na sheria.

Hifadhini: kubeba ruksa, kufyatua hapana

Tangu Februari 2010 mtu anaweza kuingia na bunduki kwenye hifadhi nyingi za taifa za Marekani, lakini kuifyatua kunabaki marufuku kwa kawaida. Katika hifadhi ya Yellowstone, iliyoanzishwa 1872, dubu wameua watu wanane tu kwa muda wote huo. Waliozama majini ni zaidi ya 100, na waliotumbukia kwenye chemchemi za maji yachemkayo ni zaidi ya 20. Hakuna anayeuliza bunduki ipi inafaa kwa chemchemi.

Ukimuua, umchune

Alaska inakuruhusu kumpiga dubu kulinda uhai wako au mali yako ya lazima. Haikuruhusu ikiwa ulimwita mwenyewe kwa takataka na mabaki ya samaki. Na baada ya mlio ndipo kazi inapoanza: ni wajibu wako kumchuna, ngozi itoke pamoja na kucha zake zote, utenge fuvu, uvipeleke kwa idara ya samaki na wanyamapori, kisha ndani ya siku 15 uwe umejaza maelezo ya tukio zima. Hata kama unatetemeka, hata kama ni usiku na mvua inanyesha na kambi iko kilomita kumi.

Ngozi na fuvu huchukuliwa na jimbo. Wewe unarudi nyumbani na ganda la risasi.